Mzee Kagera wa Ujiji: ni jeshi lililomfanya hivi au kuna kingine?

#1 Mwana wa Rusimbi

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wakazi wa Kigoma Ujiji mtu huyu hahitaji utambulisho. Kwa mlio mbali: ni mstaafu wa JWTZ, mkongwe wa vita vya Amin, tunamwita Mzee Kagera. Jina lake la kwenye kitambulisho tuliache, hajaomba kujadiliwa.

Mvua za Oktoba zikikaribia, mzee anaingia mtaroni na chepe, sururu na toroli, anazibua kuanzia juu Mwanga akishuka nao. Halipwi. Uzio wa michongoma wa shule ya msingi jirani kaupanda yeye. Kukitokea msiba, vijana wanafika makaburini na majembe wanakuta keshapima na kamba keshavuta. Ukimpita bila kumsalimia hasemi kitu. Mpite huku unatupa chupa, utaisikia ile sauti ya gwaride.

Swali langu ni kwa nini yeye? Wastaafu tunao wengi, wa reli, wa bandari, walimu. Wengi wako barazani wanacheza bao, na ni haki yao. Mimi nasema ni jeshi. Mtu aliyefundishwa ujana wake wote kwamba uchafu wa eneo moja ni aibu ya kikosi kizima, haachi kwa sababu tu amevua kombati. Nipingeni.

#2 Boda wa Mwandiga

Nimewahi siti ya mbele. Huyo mzee alishawahi kunisimamisha na abiria wangu mgongoni, nikashuka nikaokota chupa niliyoitupa, nikapanda. Abiria alicheka mpaka Gungu.

#3 Shangazi wa Kitongoni

Mleta uzi umeongelea mitaro tu, umeacha nusu ya mtu. Nani anawafundisha watoto kwata Mwenge unapokaribia kupita? Nani ana turubai ambalo kila msiba wa mtaa wetu linatandazwa, liwe la Mwislamu au la Mkristo? Na machela. Ile machela ya mabomba ameichomelea mwenyewe kwa fundi, maana kule juu gari haifiki. Wajawazito wawili wa ukoo wangu wameshushwa nayo usiku mpaka barabarani. Sasa mkisema ni jeshi, mniambie jeshi linafundisha wapi kumbeba mama mwenye uchungu.

#4 Kasulu Kwanza

Shangazi, jeshi ndilo hasa linalofundisha kubeba mtu kwa machela usiku.

#5 Shangazi wa Kitongoni

@Kasulu Kwanza, majeruhi na mjamzito si mzigo mmoja, baba. Ulizeni waliozaa.

#6 Buzebazeba Juu

Samahanini, kabla hamjaenda mbali. Mnajua kwamba Kagera ni kata hapa hapa Kigoma Ujiji? Mzee alikulia kata ya Kagera, ndiyo maana ya jina. Alikuwa jeshini kweli, lakini habari ya kwamba alipigana na Amin mimi sijawahi kuisikia kinywani mwake, na tumekaa jirani tangu niko shuleni. Watu wamesikia jina wakajaziliza.

#7 Boda wa Mwandiga

Duh. Uzi haujafika mbali na vita vimeshafutwa 😂

#8 Mwana wa Rusimbi

@Buzebazeba Juu, mkuu, kata naijua. Lakini mbona wazee wenzake barazani wanamtania "mtu wa Mutukula"? Mutukula ya mpakani Uganda nayo ni kata?

#9 Kalamu ya Bangwe

Nilimsikia mwenyewe siku ya Mashujaa, tarehe 1 Septemba, anasimulia. Alisema vita vilianza Januari 1978, yeye alirudi nyumbani 1981. Hapo nikaona chai. Vita viliisha 1979, miaka miwili alikuwa wapi?

#10 Mwalimu wa Historia Kibondo

@Kalamu ya Bangwe, umechanganya mambo matatu, twende taratibu.

Siku ya Mashujaa ni 25 Julai. Tarehe 1 Septemba ni siku ya kuzaliwa JWTZ, mwaka 1964.

Majeshi ya Amin yaliingia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Januari ninayoijua mimi ni ya 1979, tulipoichukua Mutukula.

Tatu, na hapa ndipo unapomwonea mzee: Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, lakini mapigano yaliendelea kuelekea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni. Na vita kuisha haina maana askari wote walirudi. Vikosi vyetu vilibaki Uganda kulinda usalama, wa mwisho waliondoka katikati ya 1981. Kwa hiyo mtu aliyesema alirudi 1981 anajua anachosema, pengine kuliko anayemsikiliza.

#11 Kalamu ya Bangwe

Mwalimu leo umeamka na kiboko. Sawa, 1981 nimeielewa. Tarehe ya sherehe sikuishika kalenda mkononi, kulikuwa na pilau.

#12 Mgebuka Mbichi

Ngojeni niwape ninayoyajua, maana marehemu baba yangu alisafiri naye. Baba alikuwa mgambo. Vijana wa huku waliondoka na treni, Kigoma hadi Tabora, Tabora wakaunganishwa na reli ya Mwanza, Mwanza wakapanda meli kwenda Bukoba. Baba alisema stesheni ya Kigoma siku ile kina mama walikuwa wanarusha dagaa wakavu madirishani, kila behewa likanuka mpaka Uvinza. Magari ya mashirika na ya watu binafsi nayo yalichukuliwa kwa kazi ya vita, ndiyo maana mnasikia wazee wanasema walikwenda mstari wa mbele kwenye lori la bia.

Mgambo waliokwenda walikuwa maelfu kwa maelfu, na baada ya vita wengi walirudi kwenye majembe na nyavu zao. Baba alirudi kwenye mtumbwi. Mzee Kagera alibaki kwa sababu alikuwa askari kamili, tena wa uhandisi, si wa bunduki tu. Huyu ndiye mtu wa madaraja na mabomu. Sasa unganisheni wenyewe na mitaro.

#13 Buzebazeba Juu

Baba yako alikuambia hayo lini? Mimi jirani yake sijui, wewe wa Katonga unajua.

#14 Mgebuka Mbichi

Alikuwa anakuja kwetu kula migebuka, hakuwa anakuja kwenu. Labda angalia mnapika nini.

#15 Boda wa Mwandiga

😂😂😂 Jamani.

#16 Unyanyembe Asilia

Mwangaluka ndugu zangu wa mwisho wa reli. Niko Tabora, Cheyo. Ninyi mnashangaa mstaafu mmoja, sisi mji wetu wa askari tangu enzi za Mjerumani. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, vita vya pili alifika Burma. Akarudi Uyui na koti zito la kijeshi ambalo kwa joto la huku lilikuwa mateso, na ugonjwa wa kuchimba visima. Kila kijiji alichohamia alichimba. Tulipomuuliza kwa nini, alikuwa anasema kule msituni walikunywa maji ambayo hata punda angekataa.

Kwa hiyo dada wa #3 na mleta uzi, wote mnaweza kuwa sahihi. Wakati mwingine si mafunzo ya jeshi, ni dhiki moja tu aliyoipata huko. Mtafuteni Mzee Kagera alikosa nini.

#17 Kasulu Kwanza

@Unyanyembe Asilia, mji wa askari ndiyo, na Januari 1964 kambi yenu ya Tabora nayo iliasi, siku moja baada ya kambi ya Colito, Dar es Salaam. Hilo umeliruka.

#18 Unyanyembe Asilia

Nimeliruka kwa heshima ya uzi. Ninyi mna dagaa, sisi tuna historia.

#19 Muuguzi Mstaafu

Wanangu, mimi nitasema nilichokiona, mengine siyajui.

Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga. Wengine hamkumbuki au mlikuwa wadogo. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani, nyuma mlima, mbele ziwa, barabara hakuna. Makumi ya maelfu ya watu pale ufukweni, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inakwenda inawachukua mamia kwa safari, wanapandishwa kwa mitumbwi kwa sababu gati hakuna, wanaletwa hapa mjini, Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi kwenda Nyarugusu.

Nilikuwa zamu uwanjani. Watu wa mashirika walikuwa wengi, vizibao vya kila rangi. Katikati yao nikamwona mzee mmoja hana kizibao, ana kamba na vigingi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa anapanga foleni za maji, anatenganisha njia ya wanaokwenda chooni na ya wanaokwenda kwenye chakula. Kijana mmoja wa shirika akamuuliza yeye ni wa nani. Mzee akamwambia, "Mimi ni wa hapa." Basi, akaendelea kupigilia vigingi. Kesho yake yule kijana ndiye aliyekuwa anamfuata mzee kumuuliza choo kipya kichimbwe wapi, maana alishaona kwamba mzee anatazama kwanza maji ya mvua yatashukia wapi.

Kwa anayejua kipindupindu, ile kamba yake ilikuwa dawa. Mtu mgonjwa akipita njia moja na anayebeba sufuria ya uji, umekwisha.

Alikaa nasi mpaka msongamano ulipopungua. Sikumwona kwenye picha yoyote ya kukabidhi msaada.

#20 Shangazi wa Kitongoni

Asante mama. Hii sikuwa naijua.

#21 Kijana wa Katubuka

Nasoma naona kila mtu anamfanya malaika. Acha niwe mbaya. Mzee anataka udiwani. Hakuna mtu wa mji huu anayefagia bure miaka yote hiyo bila hesabu. Tazameni uchaguzi ujao.

#22 Mwana wa Rusimbi

Hesabu ya udiwani wa umri ule? Chaguzi ngapi zimempita akiwa mtaroni?

#23 Buzebazeba Juu

Kwa haki, @Kijana wa Katubuka hajakosea kabisa. Aliwahi kugombea uenyekiti wa mtaa. Alishindwa. Aliyemshinda alikuwa na spika na fulana. Jumamosi iliyofuata mzee akazibua mtaro wa mbele ya nyumba ya aliyemshinda. Mke wa mshindi alitoa chai, mshindi mwenyewe akajificha ndani.

#24 Mgebuka Mbichi

Mimi nilisikia hakugombea, alipendekezwa na watu akatoa jina siku ya pili.

#25 Buzebazeba Juu

Nilipiga kura mimi.

#26 Mgebuka Mbichi

Ulimpigia?

#27 Buzebazeba Juu

Kura ni siri.

#28 Fundi Mawe

Nimesoma kurasa zote hizi na hamna aliyetazama ardhi. Mimi ni fundi ujenzi. Jiulizeni korongo la nyuma ya shule linaelekea wapi. Kila masika linakula mita kadhaa. Likiachwa linapita nyumba za chini, na nyumba ya tatu kutoka ukingoni ni ya nani? Mzee analinda nyumba yake! Si dhambi, lakini tusiandike tenzi.

#29 Shangazi wa Kitongoni

Nyumba yake iko upande wa juu wa barabara. Unayoisema ni ya mdogo wake, na alishaiuza akahamia Uvinza.

#30 Fundi Mawe

Basi nimepunguza nusu ya hoja. Lakini kazi yake naiheshimu kifundi, nieleze maana wengi wanaona anatupa mawe tu.

Milima yetu ni ya udongo mwepesi, watu wamejenga mpaka kileleni, na mabati hayana gata. Maji yote ya paa yanashuka kwa mkupuo. Halmashauri ikijenga mtaro wa zege ulionyooka, maji yanapata kasi zaidi, pale zege linapoishia ndipo shimo linapoanza. Mzee hafanyi hivyo. Anapanga mawe kukata korongo, ngazi kwa ngazi, kila ngazi fupi kuliko kifua, katikati kaacha bonde ili maji yapite hapo yasile kingo. Maji yanapumzika kila ngazi, yanaacha mchanga. Mchanga ukijaa anapanda mabingobingo juu yake. Mwaka wa kwanza tulimcheka tukasema anaziba maji. Leo ngazi za juu zimejaa udongo, kuna mtu kapanda mihogo.

Kuna siku nilimuuliza kajifunza wapi, akasema ni kuyatazama maji tu. Lakini hiyo si kazi ya mtu asiyefundishwa. Kwa hiyo ule uhandisi wa #12 mimi nauamini.

#31 Kasulu Kwanza

Hapo kwenye kupanda nyasi na miti, nadhani ni mradi wa TACARE wa watu wa Gombe. Ulianza 1994, ulizunguka vijiji vya huku na vitalu vya miche. Mzee alistaafu miaka hiyo hiyo, si ajabu alipitia semina zao. Siyo kila kitu ni vita.

#32 Mwalimu wa Historia Kibondo

Hoja nzuri ya #31. Nami naongeza kizazi. Hawa ni watoto wa Azimio la Arusha. Mtu aliyekuwa darasani 1967 alikua akiona msaragambo ni jambo la kawaida: kisima, darasa, barabara ya kijiji. JKT nayo ilikuwepo tangu 1963. Kwao kujitolea hakukuwa na cheti wala posho ya kikao. Sisi ndio tunaoona ni muujiza.

#33 Boda wa Mwandiga

Mwalimu, baba yangu mdogo ni wa kizazi hicho hicho, Azimio kalisoma mpaka kulikariri, na banda lake la kuku tunafagia sisi.

#34 Unyanyembe Asilia

😂 Hoja imekufa hapo.

#35 Ustadhi wa Majengo

Assalaam alaykum. Mbona hamgusi imani? Mzee haachi swala ya alfajiri msikitini, na akitoka hapo ndipo anachukua chepe. Kuondoa kinachowaudhi watu njiani ni sehemu ya imani, kila mtoto wa madrasa Ujiji anaijua hadithi hiyo. Tena sadaka inayoendelea malipo yake hayakatiki mtu akifa. Msihangaike na Amin wala Azimio.

#36 Muuguzi Mstaafu

Waalaykum salaam ustadhi. Ni kweli. Ila wanaoswali alfajiri ni wengi na chepe ni moja.

#37 Ustadhi wa Majengo

Hilo mama umenipata, Ijumaa nitalisema mimbarini.

#38 Mtu wa Mwambao

Nilikuwa sitaki kuandika hili. Naliandika kwa sababu #12 ameanza, na halijakamilika.

Mjomba wangu alikuwa kikosi kimoja na mzee. Jeshi la Amin lilipoondoka Novemba 1978 daraja la Kyaka lilikuwa limeshavunjwa. Kuvuka mto Kagera ilibidi watu wa uhandisi waweke daraja la muda. Mjomba na mzee walikuwepo. Hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia wakiwa na furaha, maji ya Kagera mekundu ya tope, nyaya, kukesha.

Sehemu nyingine hawaisimulii. Februari 1979 Masaka na Mbarara zilipochukuliwa, miji ile ilibomolewa. Wanajeshi walikuwa wameona walichofanyiwa raia wetu kule Kagera, hasira ilikuwa kubwa, na majengo yakashushwa kwa mizinga na baruti. Baruti inawekwa na nani? Mjomba alipokuwa mgonjwa sana alisema jambo moja, kwamba kulikuwa na jengo ambalo ubaoni bado kulikuwa na hesabu za watoto.

Mimi naamini anachofanya Mzee Kagera ni kulipa. Sisemi alitenda kosa, vita si mchezo wa bao. Nasema analipa.

#39 Mwana wa Rusimbi

Mkuu, hii ni nzito.

#40 Shangazi wa Kitongoni

Ni nzito, lakini tuwe waangalifu. Hayo ni ya mjomba wako, Mungu amrehemu. Huwezi kuyachukua ukamvisha mtu mwingine aliye hai. Umemsikia mzee akisema?

#41 Mtu wa Mwambao

Sijamsikia. Wala sijamsikia akikana. Uzio wa shule aliupanda kwa sababu gani?

#42 Fundi Mawe

Kwa sababu mbuzi walikuwa wanaingia madarasani. Mimi ndiye niliyempa miche.

#43 Mwalimu wa Historia Kibondo

Kuhusu Masaka na Mbarara, kwamba ziliharibiwa baada ya kutekwa, hilo ni kweli. Kwamba mtu fulani alikuwepo, hilo si la kuthibitisha humu kwa majina bandia. Na kama alikuwepo daraja la Kyaka, mbona tusiseme anaendelea kujenga alichoanza kujenga? Mto ni ule ule, mmoja anaona daraja, mwingine anaona baruti.

#44 Kijana wa Katubuka

Sasa naona mnataka kulia. Mzee ana kisukari, daktari kamwambia afanye mazoezi. Nina shangazi yangu kliniki.

#45 Muuguzi Mstaafu

@Kijana wa Katubuka, mwambie shangazi yako habari za mgonjwa hazitoki kliniki. Na ufute hiyo posti.

#46 Kijana wa Katubuka

Nimekosa kitufe cha kufuta, mama.

#47 Mgebuka Mbichi

Kuna aliyemwona wakati ziwa limefungwa, Mei hadi Agosti 2024? Wavuvi tulikuwa tumekaa tu, nyavu ndani. Mzee akaja mwaloni Kibirizi, akasema, "Vijana mmepumzika vizuri?" Tukasema tumepumzika. Akasema haya, twende. Tukajikuta tunabeba mawe. Ngazi tatu za lile korongo anazosema Fundi ni za wavuvi wale. Sijui aliturubuni vipi. Chakula alipika yeye, maharage ya kijeshi, chumvi mbaya.

#48 Boda wa Mwandiga

Ukisikia mstaafu anauliza kama umepumzika, kimbia.

#49 Kalamu ya Bangwe

Nimemkumbuka pia kwenye mechi za Mashujaa. Timu ya jeshi, lazima akae jukwaani na redio sikioni ingawa mpira uko mbele yake. Wakifungwa anasema wachezaji hawana fatiki ya asubuhi.

#50 Kasulu Kwanza

Mashujaa wakifungwa anaweza kuzibua mitaro mpaka Kasulu.

#51 Unyanyembe Asilia

Ndugu zangu, kuna mtu alitaja Liemba huko juu. Hivi ni kweli Wajerumani waliitengeneza hapo hapo Kigoma?

#52 Mwalimu wa Historia Kibondo

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli na reli, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza kazi 1927. Tafadhali turudi kwenye mada kabla mtu hajauliza habari za Stanley.

#53 Boda wa Mwandiga

Mwembe wa Stanley bado upo?

#54 Mwalimu wa Historia Kibondo

Nilijua tu.

#55 Mjukuu wa Gungu

Wakuu, mimi naishi nyumba moja na mzee kwa sasa, ni babu kwa upande wa mama. Uzi huu nimeonyeshwa kazini. Jana baada ya kula nikamsomea, nikaruka posti ya kisukari na ile ya #38.

Amecheka sana kwenye pilau ya Kalamu. Kuhusu uchaguzi amesema wote wawili mko sawa, kwa sababu kulikuwa na uchaguzi wa aina mbili, mwaka mmoja alitoa jina, mwaka mwingine aligombea. Maharage amekataa kabisa, anasema chumvi aliiweka Mgebuka mwenyewe. Alichotaka nisahihishe ni kwamba zile buti watu wanasema ni za jeshi, si za jeshi. Amenunua mitumba soko la Mwanga. Askari mstaafu hazuruli na vifaa vya jeshi, amesisitiza niandike.

#56 Kalamu ya Bangwe

Hakuna aliyetaja buti humu ndani.

#57 Mjukuu wa Gungu

Ndiyo, nami nilimwambia hivyo. Akasema watataja tu.

#58 Mwana wa Rusimbi

Sasa swali lenyewe? Ulimuuliza kwa nini anafanya?

#59 Mjukuu wa Gungu

Nilimuuliza. Akaniuliza mimi kwa nini sifanyi. Nikaenda kulala.

#60 Mtu wa Mwambao

Mbona uliruka #38? Hapo ndipo penye jibu.

#61 Mjukuu wa Gungu

Kaka, ninayekaa naye ni mimi. Kuna usiku redio yake inawaka mpaka alfajiri na hasikilizi kitu. Sijawahi kuuliza, bibi alipokuwa hai hakuwahi kuuliza, na sitaanza kwa kusomewa na simu.

#62 Shangazi wa Kitongoni

Umefanya vyema mwanangu. Msalimie. Toroli lake vipi, mwezi uliopita niliona tairi limekwisha?

#63 Mjukuu wa Gungu

Limekwisha. Ameweka tairi gumu la mpira uliokatwa, linagonga sana.

#64 Mwana wa Rusimbi

Basi tuchange. Tuweke mtunza hazina, kila mtu anachoweza.

#65 Kijana wa Katubuka

Kamati ya harusi hiyo imeanza. Mwisho tutasikia hazina imenunua simu.

#66 Mjukuu wa Gungu

Pesa hapokei, msijisumbue. Kuna mtu aliwahi kumpa bahasha mbele za watu, ilienda shule kununua chaki siku hiyo hiyo. Mkitaka leteni mawe. Na saruji mifuko miwili kwa ngazi ya chini kabisa, pale maji yanapotua kwa nguvu, mawe makavu hayakai.

#67 Fundi Mawe

Pale mifuko miwili haitoshi, na saruji tupu itapasuka masika ya kwanza. Panahitaji waya wa gabioni, mawe ndani, saruji kwenye unyayo tu. Waya ninao uliobaki kazi ya Bangwe. Nauleta Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

#68 Mgebuka Mbichi

Nitakuja na vijana wanne wa mwaloni. Lakini chakula apike mtu mwingine.

#69 Buzebazeba Juu

Nitapika mimi, jirani asiyejua kitu.

#70 Mgebuka Mbichi

Utapika nini?

#71 Buzebazeba Juu

Migebuka.

#72 Unyanyembe Asilia

Mimi niko mbali, nawatumia asali dumu la lita tano kwa treni.

#73 Fundi Mawe

Asali haishiki mawe mkuu, tuma hela ya kokoto.

#74 Boda wa Mwandiga

Asali ije, kokoto nitazibeba mimi kwa pikipiki, gunia kwa gunia. Ila mtu amwambie mzee mapema kwamba nakuja kufanya kazi, asinisimamishe tena njiani.